Je, Pombe Humsaidia Mchezaji wa Pool?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio, kwa maana mazungumzo ya leo yanahusu kijana wako.

Leo tunazungumza juu ya meza ya pool. Kuanzia Ruiru, Thika, hadi huku kwetu Ngoliba, meza hizi haziko mbali na nyumba zetu, na mara nyingi zimewekwa ndani ya baa au kando yake. Mchezo wenyewe si mbaya. Unahitaji jicho kali, mkono uliotulia na akili ya kupanga mapema. Shida ni imani moja inayotembea pamoja nao: kwamba chupa moja au mbili humfanya mchezaji alenge vizuri zaidi. Mama akimuuliza kijana wake kwa nini ni lazima anywe ndipo acheze, jibu huwa ni hili: "Mama, bila moja mkono hautulii."

Jibu hilo lisikilize kwa makini. Linaweza kuwa mzaha wa vijana. Linaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa unaohitaji daktari. Leo tutakueleza namna ya kutofautisha.

Pombe inafanya nini mwilini?

Ili mpira uingie shimoni, mambo matatu lazima yaende pamoja. Jicho lione mpira na shimo, ubongo ukadirie pembe na nguvu, na mkono usukume fimbo ikiwa imenyooka. Sasa, pombe ikimezwa hupita tumboni na kwenye utumbo mdogo, ikaingia katika damu. Baada ya dakika chache tu imefika kwenye ubongo.

Jambo la kwanza analohisi mnywaji ni kulegea. Wasiwasi hupungua, aibu huondoka, maneno huongezeka. Anajiona hodari. Lakini wakati huo huo, sehemu ya nyuma ya ubongo inayosawazisha mwendo wa viungo imeanza kuchelewa. Macho hayafuati vizuri kitu kinachosogea, na makadirio ya umbali yanapotoka. Kwa hiyo ujasiri unapanda huku uwezo ukishuka. Hapo ndipo vijana wengi hudanganyika. Anapiga kwa nguvu kupita kiasi, anajaribu pigo gumu ambalo angeliacha kama hajanywa, na mpira mweupe unaingia shimoni.

Pengine utauliza, mama, mbona yeye anasema hucheza vizuri akiwa amekunywa? Sababu ni mbili. Kwanza, anacheza na wenzake ambao nao wamekunywa, na wote wameshuka pamoja. Pili, mtu aliyelewa hukumbuka lile pigo moja zuri lililopigiwa makofi, akasahau yale kumi yaliyokosa. Ajitokeze mchezaji mmoja anayekunywa soda jioni nzima, na ukweli utaonekana kadiri usiku unavyosonga.

Jambo lingine ni dau. Mahali pengi anayeshindwa hununua chupa. Hebu fikiria: anayeshinda ndiye anayekunywa zaidi, na kila akinywa nafasi yake ya kushinda inapungua. Mwishowe wote wawili wamelewa, na pesa za unga zimebaki kaunta.

Na je, wanaosema pombe hutuliza mkono wanadanganya?

Hapana, hawadanganyi kabisa, na ni vizuri tuseme ukweli wote. Kuna ugonjwa wa kutetemeka mikono ambao mara nyingi hurithiwa katika familia. Mwenye ugonjwa huo hutetemeka hasa anapofanya kazi ndogo kama kushika kikombe, kuandika au kutia uzi kwenye sindano. Kwa wengi wao, pombe kidogo hupunguza mtetemeko kwa muda mfupi. Lakini pombe ikiisha mwilini, mtetemeko hurudi, na mara nyingine hurudi kwa nguvu zaidi.

Mfano unaojulikana sana ulimwenguni ni wa Bill Werbeniuk wa Kanada, aliyezaliwa mwaka wa 1947. Alikuwa mchezaji wa kulipwa wa snuka, mchezo ulio ndugu ya pool, na wakati mmoja alikuwa wa 8 katika orodha ya wachezaji bora duniani. Mkono wake ulikuwa na ugonjwa huu wa kutetemeka. Ili autulize alikunywa bia nyingi, vikombe vikubwa sita au zaidi kabla ya mchezo, na vingine wakati wa mchezo. Watu walicheka na kumsifu, lakini mwili ulikuwa unalipa. Baadaye alitumia dawa ya propranolol, ambayo hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mtetemeko. Wakuu wa mchezo waliipiga marufuku dawa hiyo, naye akaacha kucheza katika mashindano makubwa. Alifariki mwaka wa 2003 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 56.

Hadi leo, dawa za aina hiyo zimekatazwa katika mashindano ya biliadi, pamoja na pool na snuka, na shirika la WADA linalopambana na dawa haramu michezoni. Kwa hiyo kijana asije akakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kutuliza mkono. Propranolol inaweza kumziba pumzi mtu mwenye pumu. Na vidonge vya usingizi kama diazepam vikichanganywa na pombe vinaweza kumfanya mtu aache kupumua. Dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari.

Mtetemeko wa kuogopa

Sasa tufike kwenye jambo la muhimu kuliko yote. Mkono unaweza kutetemeka kwa sababu nyingi: njaa, hofu, kahawa nyingi, miraa au muguka, au ugonjwa wa tezi ya shingo. Lakini kuna mtetemeko unaoletwa na pombe yenyewe. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake umezoea kulegezwa na pombe. Pombe ikikosekana, ubongo hushtuka. Hapo mikono hutetemeka.

Mama, utautambuaje? Angalia asubuhi, kabla hajatoka. Je, kikombe cha chai kinamwagika mkononi? Anatoka jasho hata kama kuna baridi? Ana kichefuchefu, hasira na moyo unaokwenda mbio? Je, akipata kinywaji hali hiyo inapoa? Basi kijana huyo hanywi tena ili acheze pool. Anakunywa ili mwili usimsumbue, na pool imekuwa kisingizio. Huu ni ugonjwa. Si laana, na si ukosefu wa adabu peke yake.

Tafadhali, usimfungie kijana kama huyo chumbani ili aache pombe kwa lazima siku moja. Unafanya hivyo kwa mapenzi, lakini kuacha ghafla kunaweza kumuua. Mtetemeko huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na kupandwa na homa. Mpeleke kituo cha afya mapema. Huko atapewa dawa za kumshusha polepole, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi hupungukiwa nayo. Ikihitajika, atatumwa katika hospitali kubwa kama Thika Level 5.

Akianguka kifafa nyumbani, mlaze chini kwa ubavu. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye na umlegezee nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Usimnyweshe maji. Kifafa kikipita dakika 5, kikirudi, au asipozinduka vizuri, mkimbize hospitali. Hata kikiisha upesi, lazima aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Safari ya kurudi nyumbani

Mchezo ukiisha, hatari haijaisha. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe, na mwili huhitaji kama saa mbili kuimaliza. Chupa nne ni kama saa nane. Kahawa, supu ya moto au maji baridi ya kuoga hayaharakishi kazi hiyo. Mkono ulioshindwa kulenga mpira uliotulia mezani hauwezi kuendesha bodaboda gizani kwenye barabara ya Garissa. Mwambie kijana wako aache pikipiki huko, alale kwa rafiki au apige simu aletwe. Afadhali uamshwe usiku kumfungulia mlango kuliko uamshwe na habari mbaya.

Mama afanye nini?

Kwanza, zungumza naye akiwa hajalewa. Usianze na kelele. Mwulize, "Mwanangu, siku hizi waweza kucheza bila kunywa?" Mwombe ajaribu kucheza mara moja mchana akiwa mkavu, ahesabu mwenyewe mipira aliyoingiza. Akiweza kwa urahisi, ana nafasi nzuri ya kubadilika. Akikataa kabisa, au akirudi anatetemeka na kutoka jasho, umejua pa kwenda.

Pili, ijue sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na mwenye baa haruhusiwi kumwacha mtoto kama huyo aingie mahali pombe inaponywewa. Kwa hivyo meza ya pool iliyo ndani ya baa si mahali pa mwanafunzi, hata kama anasema anatazama tu. Ukiona watoto wa sare wakiingia humo, mweleze chifu au mzee wa kijiji. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na pombe huuharibu ukiwa bado laini.

Tatu, akina mama mkiwa kwenye chama, liwekeni jambo hili kwenye ajenda. Meza ya pool inaweza kuwekwa mahali pasipouzwa pombe. Vijana wakipata mahali kama hapo wataonyesha ufundi wao bila chupa, na mama atajua mwanawe yuko wapi.

Nne, usibebe mzigo peke yako. Shirika la serikali la NACADA lina simu ya bure, nambari 1192, ambapo utapata ushauri juu ya pombe na dawa za kulevya. Kwa mambo yanayohusu usalama wa mtoto, piga 116, hiyo nayo ni bure.

Kabla hatujaagana, tukumbushane:

- Pombe humpa mchezaji ujasiri, haimpi shabaha.
- Mkono unaotulia tu baada ya kunywa ni mkono unaohitaji daktari.
- Mtu anayekunywa kila siku asiachishwe pombe ghafla nyumbani.
- Aliyepatwa na kifafa alazwe ubavu, na asitiwe kitu mdomoni.
- Aliyekunywa asiendeshe, hata kama anasema yuko sawa.

Mama, kama jirani yako hana redio, mpelekee habari hii leo jioni. Huenda kikombe cha chai kinachomwagika asubuhi kiko nyumbani kwake, naye anadhani ni baridi tu. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Hadi hapo, nakutakia afya njema wewe na watoto wako. Kwaheri.