Unauzia Kiwanda Njugu Zilizosagwa? Pima Kwanza, Lipa kwa Awamu

Ukila biskuti au aiskrimu yenye ladha ya njugu, usidhani kila kiwanda hukaanga na kusaga njugu zake chenyewe. Vingi hununua rojo la njugu likiwa tayari kwenye ndoo au mapipa. Maana yake ni kwamba kati ya shamba na kiwanda kuna mtu aliyezitafuta njugu, akazichambua, akazikaanga na kuzisaga. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, au kikundi chenu cha chama.

Biashara hii ni nzuri, lakini pesa nyingi hutoka mfukoni kabla hata shilingi moja haijaingia. Kwa hivyo leo tuongee kuhusu mzigo wenyewe, kisha tuone jinsi ya kuulipia kwa simu bila kuumia.

Rojo si siagi ya njugu

Siagi ya njugu unayopaka kwenye mkate mara nyingi huwa imeongezwa chumvi, sukari au mafuta ya kuizuia isijitenge. Kiwanda kikiitisha rojo, kwa kawaida kinataka njugu tupu, kwa sababu hayo mengine kitaongeza chenyewe. Soma oda vizuri kabla ya kuwasha mashine.

Mfano mzuri ni chakula cha tiba wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Kile cha kwanza cha aina hiyo, Plumpy'Nut, kilibuniwa Ufaransa mwaka wa 1996. Pakiti moja ina gramu 92 na hutoa kalori 500. Katika mchanganyiko wa kawaida, karibu robo ya uzito ni rojo la njugu. Sehemu kubwa inayobaki ni maziwa ya unga, sukari na mafuta. Chakula cha aina hii hutengenezwa hapa Kenya pia. Sasa fikiria: mlaji ni mtoto ambaye tayari ni mgonjwa. Ndiyo maana mnunuzi hatakubali njugu za kubahatisha.

Adui haonekani kwa macho

Adui huyo ni sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu. Wakenya tunaijua vizuri. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hii yaliwaua watu 125 katika eneo la mashariki mwa nchi. Ukila kidogo kidogo kwa muda mrefu, inaweza kuleta saratani ya ini.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa hapa kwetu ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kidogo sana, na usitegemee kukaanga kuimaliza. Ukishasaga, mambo yameharibika kabisa, kwa sababu njugu chache mbovu zimeenea kwenye ndoo nzima na huwezi tena kuzitoa.

Kazi basi inaanzia shambani. Njugu zianikwe kwenye turubai, si kwenye udongo. Zikaushwe hadi unyevu wa punje uwe chini ya takriban asilimia 7. Mkulima asizimwagie maji ili ganda litoke haraka. Huko ni kuikaribisha kuvu. Kisha ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi.

Sampuli nayo usichukue konzi moja kutoka gunia la juu. Sumu hii hukaa kwa mafungu: gunia moja safi, linalofuata bovu. Chota kidogo kutoka magunia mengi, changanya, ndipo upeleke maabara.

Halafu kuna bakteria. Kati ya 2008 na 2009 huko Marekani, kampuni ya Peanut Corporation of America iliuza siagi na rojo la njugu lenye salmonela. Watu 714 waliripotiwa kuugua na 9 wakafa. Kwa kuwa rojo hilo lilikuwa kiungo cha vyakula vya kampuni nyingine, maelfu ya bidhaa zilirudishwa kutoka madukani. Mwaka wa 2015 mkuu wa kampuni hiyo alihukumiwa miaka 28 gerezani. Kampuni moja ilitosha kuharibu rafu za nchi nzima.

Sasa tuje kwa pesa

Tuseme umeelewana na broka akuletee kilo 500 za njugu zilizobanguliwa kwa Sh180 kila kilo. Jumla ni Sh90,000. Ukituma zote leo na maabara ikatae mzigo kesho, utabaki na magunia ambayo hufai kumuuzia mtu yeyote, na broka hashiki simu.

Gawanya malipo hivi:

- Asilimia 20, yaani Sh18,000, mkikubaliana.
- Asilimia 50, yaani Sh45,000, majibu ya maabara yakitoka safi.
- Asilimia 30, yaani Sh27,000, mzigo ukifika na kupimwa kwenye mizani yako.

Andikianeni makubaliano haya, hata kama ni ujumbe mfupi tu. Sema wazi pia nani atalipia maabara, na nini kitafanyika mzigo ukikataliwa.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si la yule mliyeelewana, simama hapo. Ukipata ujumbe kwamba "nambari imebadilika, tuma kwa hii mpya", usijibu ujumbe huo. Mpigie kwa ile nambari ya zamani umsikie kwa sauti yake.

Tumia Till ya biashara, si laini yako ya nyumbani. Pesa za njugu zikichanganyika na za karo, hutajua kama unapata faida au unakula mtaji. Taarifa ya Till pia itakusaidia ukienda kuomba mkopo.

Mwisho, uliza kiwanda kitakulipa lini. Vingine hulipa siku 30 au 60 baada ya kupokea mzigo, na huenda vikahitaji ankara ya eTIMS. Mkulima naye hawezi kungoja miezi miwili. Kama huna akiba ya kuziba pengo hilo, anza na oda ndogo. Ni heri ndoo kumi zilizolipwa kuliko mia za deni.