Gunia Moja, Mwaka Mzima wa Msosi

Saa mbili usiku Ifakara mjini, vibanda vya chipsi vimewaka. Dereva wa boda kapaki chombo, wanachuo wa Mtakatifu Fransisko wamejipanga, dada wa saluni katoka na kandambili zake, wote wanasubiri zege. Tembea kidogo tu unakutana na mashine ya kukoboa, magunia ya mpunga yamepandiana hadi darini. Bonde zima la Kilombero linailisha Dar, mafuso yanapishana kubeba mchele, halafu sisi wenye bonde tunapanga foleni ya viazi vilivyoshuka kutoka Njombe. Kuna mahali tunazingua, wanangu.

Tupige hesabu. Asubuhi chai na chapati, buku. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, buku mbili. Usiku zege, buku mbili na jero. Siku imekula buku tano na jero, na hapo hujagusa soda wala mishkaki. Zidisha mara 30: laki moja na elfu 65. Bado kodi ya gheto, bado bando, bado mkeka utakaochanika Jumamosi. Ndio maana ikifika tarehe 20 msela anaanza kupiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, ukimuuliza anakwambia siku hizi anapunguza kitambi. Kitambi chenyewe hana.

Ukipika peke yako, unapigwa bao

Wengi wakishapigika wanakurupuka: mtu ananunua kisufuria, anatangaza kijiweni kwamba kuanzia leo anapika. Mfuate hadi kwa Mangi uone. Robo ya mchele, 500. Robo ya maharage, 750. Mafuta ya kupima, nyanya mbili na kitunguu, 750. Mkaa wa buku. Jumla buku tatu. Mama ntilie angempa sahani kwa buku mbili, na maji ya kunawa juu. Mwenzetu kalia na moshi, kaungua vidole, na bado kala kwa bei ya juu. Wiki ya pili kisufuria kimegeuka cha kuogea.

Mama ntilie hana uchawi. Mkaa ule ule wa buku unaivisha maharage ya mtu mmoja na ya watu sita. Na kitu chochote unachonunua kwa kipimo cha mia mbili mia mbili, ukija kujumlisha unakuta umeshalipia chupa nzima ya mafuta na nyingine nusu, ila chupa huna. Yeye anapika sufuria kubwa na ananunua kwa gunia. Basi na sisi tumuige.

Chukua washkaji watatu wa gheto moja, au magheto ya jirani. Kilo ya mchele inatoa sahani sita za kushiba. Mchele buku mbili, nusu kilo ya maharage buku na jero, mafuta na viungo buku na jero, mkaa buku. Elfu sita, sahani sita. Buku kwa sahani. Mkila mchana na usiku, kila mmoja katoa buku mbili kwa siku, na kashiba zaidi ya yule wa foleni.

Mwezi wa sita ndio mchongo wenyewe

Hapo bado mnanunua mchele dukani. Sasa sogea jikoni kwa wakubwa.

Mpunga wa bondeni unavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Miezi hiyo mkulima anabanwa kila upande: deni la trekta, deni la vibarua, ada za watoto. Wote wanauza kwa mpigo, bei inadondoka. Wenye mafuso wanalijua hilo kitambo. Na tangu daraja la Magufuli lifunguliwe kwenye Mto Kilombero mwaka 2018, mzigo wa Lupiro na Malinyi unavuka saa yoyote, hakuna tena habari ya kusubiri kivuko. Ikifika Januari hadi Machi, watu wako shambani, stoo zimekauka, bei inapaa. Mwanzoni mwa 2023 kilo ya mchele ilipita buku tatu kwenye masoko mengi ya Bongo. Aliyekuwa na mpunga wake ndani alikuwa anasikia tu kwenye redio.

Gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa vizuri linatoa kilo 60 za mchele, wakati mwingine zaidi kidogo. Kilo moja sahani sita, kwa hiyo gunia ni sahani 360. Soma tena taratibu: gunia moja kwa kichwa, na wali wako wa kila usiku umeshalipiwa mwaka mzima. Kinachobaki ni kuhangaikia mboga.

Hela ya gunia itatoka wapi? Acha zege mara mbili tu kwa wiki, kuanzia Januari hadi mwisho wa Mei, hiyo buku tano tupia kwenye kibubu. Inavuka laki. Kama kibubu unakivunja kila ukisikia muziki, mpe kijumbe, mcheze mchezo watatu au watano, atunze yeye. Mwezi wa sita ukifika unaingia mashineni kama tajiri mdogo.

Ukifika, usinunue kwa macho. Chukua punje uing'ate. Ikikatika kwa mlio, mpunga umekauka. Ikibonyea kwenye jino, una maji: utavunda ndani, na ukiukoboa utapata chenga nyingi. Ulizia mbegu pia. Supa inanukia hadi kwa jirani na bei yake inajiheshimu. SARO 5, mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti hapahapa Ifakara, kwa kawaida ni nafuu na inajaza sufuria vizuri. Halafu dai mizani. Lumbesa ni marufuku, na anayeumizwa na lumbesa ni mjomba wako kule Mngeta.

Usikoboe gunia lote siku moja. Mpunga unakaa muda mrefu kuliko mchele, mchele ukikaa sana unaingia wadudu. Panga gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, ukoboe kidogo kidogo kila mwezi. Panya wa Ifakara hawana adabu, kwa hiyo usipitiwe na usingizi.

Moto mmoja, kazi tatu

Mkaa nao unakula mtaji kama hujui kuupangia. Loweka maharage tangu usiku, asubuhi mwaga yale maji. Jiko likiwa na moto mkali, anza na maharage. Yakishalainika, epua, kaangia kitunguu na nyanya kwenye moto huo huo. Wali unafunga kazi: maji yakikaribia kukauka, toa makaa kadhaa chini, funika, yapalie juu ya mfuniko. Sasa moto uko juu na chini, wali unaiva polepole bila kubabuka, na ukoko unatoka mwembamba, wa rangi ya chapati. Ukoko huo ndio utakaovunja urafiki wenu kama hamjapanga zamu.

Mkiwa watatu, hata mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unachangika. Serikali imeweka mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, sasa anzeni nyie. Gesi iwe ya chai, mayai na kupasha. Maharage yaachieni mkaa mpaka mfuko unenepe.

Mboga za huku si kesi. Matembele na mchicha ni vya jero. Perege wakiwa wengi sokoni, kaanga. Wakiadimika, kambale mkavu mmoja wa saizi ya kati, mvunje vipande, mtupie kwenye tui na nyanya, sufuria nzima inanuka sherehe.

Kiporo kinafuta ile buku ya chapati. Ila joto la bondeni mnalijua. Wali wa usiku ukishapoa uufunike, ukae pahali penye ubaridi, asubuhi mapema uupashe hadi utoe mvuke, kitunguu kidogo, chumvi, na chai ya rangi. Ukinukia uchachu, wape kuku wa mwenye nyumba.

Katiba ya gheto

Masufuria mengi hayafi kwa ukata, yanafia kwenye ugomvi. Wekeni sheria mapema: mchango kabla ya tarehe 5, anayepika haoshi vyombo, mgeni wako ni sahani yako. Na wale mabishoo wanaosubiri demu aje gheto ndio jiko liwashwe, mwacheni dada wa watu, naye ana mishe zake.

Mama ntilie bado tunampenda, siku ya safari au kibarua cha mbali tutaenda kwake. Zege nayo Jumamosi ruksa, ukiwa na kampani na hela ya kuchezea. Kazi ya leo ni kutafuta wawili unaowaamini na sufuria moja ya maana. Akitokea mshkaji wa nne, hataki kuchanga ila kila saa mbili usiku anapita "kusalimia", mkaribisheni kwa heshima zote, mpeni sahani imejaa. Kisha mtajieni bei: buku mbili na jero, kama kibandani.