Krismasi mlangoni: mzazi wa Pwani afanyeje Kawangware?

Mtu akiwa kwao Mombasa, Lamu au Malindi, suala la Krismasi halimkoseshi usingizi. Ofisi hufungwa, watalii hujaa mahotelini, na mitaani kwetu siku hupita kama siku nyingine yoyote. Mtoto hawezi kuuliza kwa nini yeye hakushonewa nguo mpya siku ambayo hata mwenziwe hana. Lakini mtu huyo huyo akifunga virago akaja bara kutafuta riziki, akapanga chumba Kawangware, basi Krismasi haimpiti tena kwa mbali. Humjia mpaka mlangoni ikabisha hodi.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na nimekaa Kawangware tangu 2016. Ploti yetu, upande wa kituo cha 46, ina vyumba 12 vinavyotazamana, mfereji mmoja, na uwanja mdogo wa simiti ambapo nguo huanikwa mchana na watoto hucheza jioni. Katika vyumba hivyo 12, nyumba ya Kiislamu ni yangu peke yangu. Majirani ni Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, na Mkisii mmoja mwenye redio kubwa kuliko kitanda chake. Ni watu wema. Mke wangu alipoingia katika uchungu wa mtoto wetu wa pili usiku wa manane, nami nikiwa zamu ghalani, ni wao waliomkimbiza hospitali, na mmoja wao akalala benchini hadi asubuhi. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani nazungumza juu ya maadui.

Mwanzoni mwa Desemba 2023 jirani wetu wa mlango wa pili, mama wa Kiluhya kutoka Vihiga ambaye hufundisha watoto wa kanisa lake kila Jumapili, aliamua kuwakusanya watoto wa ploti waigize mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Nauli ya kwenda magharibi hupanda kila ifikapo Krismasi, na mwaka huo wengi katika ploti walisema hawaendi kwao. Mchezo ungefanywa usiku wa tarehe 24, hapo hapo uwanjani. Naye akamchagua binti yangu, aliyekuwa na miaka 9, awe Maryamu.

"Huyu wako ana nguo tayari," aliniambia huku akicheka. "Hawa wengine itabidi niwafunge mashuka kichwani."

Nami nilicheka. Nilipoingia ndani kicheko kikanitoka.

Kumbe mama watoto alikuwa ameshalijua jambo hilo siku tatu nzima. Yeye alizaliwa Majengo ya Pumwani, hapa hapa Nairobi, akalelewa na Waislamu na Wakristo wakichota maji mfereji mmoja. "Nimeimba nyimbo zao skuli tangu darasa la kwanza," aliniambia, "na sala yangu sijaiacha hata moja. Wewe waogopa nini?" Nilikosa jawabu la haraka. Nilijua tu kwamba kuna kitu kinanikaza kifuani.

Kazini niliwaeleza wenzangu. Mmoja akanitupia methali tunayoijua sote, kwamba ukenda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Nilimjibu kwamba methali yasema nilifumbe, haisemi nilitoboe. Walicheka, lakini sikuwa natania. Jicho lililofumbwa kwa adabu hufumbuliwa mtu arudipo kwao. Mtoto wa miaka 9 ambaye hajawahi kuishi kwao atalifumbulia wapi?

Na hapa ndipo ugumu ulipo. Huko Pwani si baba wala mama anayemfunza mtoto Uislamu peke yake. Mtaa ndio umfunzao. Adhana humfikia mtoto kutoka misikiti mitatu kwa pamoja. Ramadhani ikiingia harufu ya jioni hubadilika mji mzima. Idi ikifika watoto hujaa Makadara kwenye pembea na vitu vitamu. Na Maulidi ya Lamu, mwishoni mwa Mfungo Sita, huwakusanya watu kutoka kila upande wa pwani hii. Mzazi mvivu aweza kulala, na mtoto akakua akijijua ni nani. Kawangware mzazi akilala hakuna mtaa wa kumshikia zamu. Binti yangu ameamka asubuhi za Idi akavaa nguo mpya, akatoka uwanjani, akawakuta wenzake wanafua sare za shule. Baada ya robo saa alirudi ndani kuzivua.

Nikampigia simu mamangu, Kibokoni. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Kwani huyo mjukuu wangu yuwenda kanisani siku hizi?"

"La, Mama. Ni mchezo tu, hapa uwanjani."

"Mchezo! Haya ndiyo waliyotuonya masheikh wetu tangu zamani."

Na kweli walionya. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah hapo Mombasa mwaka wa 1932, na hofu yake moja kubwa ilikuwa kwamba Waislamu wa Pwani wangeiga mambo ya Wazungu bila kupima. Mamangu alikulia katika maneno ya wazee wa namna hiyo. Lakini, Mungu aniwie radhi, niliposhusha simu nilikumbuka jambo jingine. Bibi huyo huyo ndiye aliyewahi kunisimulia jinsi alipokuwa mdogo walivyokwenda kuoga baharini alfajiri ya Siku ya Mwaka, na nyumbani kukapikwa chakula cha siku hiyo. Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi, haimo katika Idi zetu mbili. Huhesabiwa kwa mwaka wa jua, na jina hilo la Nairuzi lina asili ya Uajemi. Makunduchi, kisiwani Unguja, hadi leo huadhimishwa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa, watu wakipigana kwa magomba ya migomba na kibanda kikichomwa moto. Wanazuoni wamekuwa wakiipinga, na watu wamekuwa wakioga. Simlaumu mamangu. Nasema tu kwamba hata sisi huko Pwani hatukuwahi kuwa na mpaka ulionyooka kama tunavyopenda kuukumbuka tukiwa mbali.

Nikaona nitafute watu waliolipitia jambo hili kabla yangu. Jumamosi moja nilishika njia hadi Kibera, mtaa wa Makina, kwa bibi mmoja wa Kinubi ambaye mwanawe nafanya naye kazi. Wanubi walikuja nchi hii wakiwa askari wa jeshi la Waingereza, wakapewa kukaa pale mwaka wa 1904, kulipokuwa msitu. Hati ya ardhi yao, ekari 288, waliipata 2017. Kwa muda wote huo wa zaidi ya karne moja wameishi na watu wa kila kabila na kila dini wakiwazunguka, na misikiti yao ingali imejaa. Kama kuna mtu wa kuulizwa, ni wao.

Bi Mkubwa alinikaribisha kwa gurusa na chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, Idi iliyopita uliwapelekea majirani zako nini?"

Nikanyamaza. Idi ya Aprili 2023 tulikuwa tumefunga mlango, tukala wenyewe, na jioni tukaenda Majengo kwa wakwe.

"Basi huyo mama wa Vihiga atajuaje kwamba mna siku yenu?" akasema. "Sisi twala nao na twazikana nao. Wao wakiwa na karamu humwita kijana wetu awachinjie, ili nasi tupate kula. Kumsujudia mtoto wa mbao hatusujudu, na wanajua, na hawatukasirikii. Lakini wanajua kwa sababu tuliwaonyesha chetu kwanza."

Njiani nilirudi nikiwa nimechapwa.

Nawajua jamaa walio mbali zaidi yangu, huko London na Toronto, ambao swali hili huwajia kila Desemba kwa barua ya mwalimu. Uingereza, sheria ya elimu ya 1944 ilimpa mzazi haki ya kumtoa mtoto wake katika ibada ya shule, na haki hiyo ingalipo. Hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake. Ni ngao nzuri. Ila mimi sikulazimishwa na mtu. Nilikaribishwa, na kwa mapenzi, na sijui ni kifungu gani kimsaidiacho mtu aliyekaribishwa.

Jioni ile nilimwita binti yangu. Akaniuliza kabla sijafungua mdomo: "Baba, si Maryamu ni wetu pia?"

Ni wetu. Nilitoa msahafu, nikamsomea Suratul Maryam, na tafsiri yake ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Al-Farsy nikaiweka kando ili nimweleze. Nikamsimulia jinsi Bibi Maryamu alivyokwenda peke yake mahali pa mbali, uchungu ukamshika chini ya mtende, akatamani lau angekufa kabla ya hayo. Jinsi alivyopata maji chini yake na tende mbivu za kumwangukia. Na jinsi mtoto alivyosema angali mchanga ili kumtetea mamake. Alisikiliza kwa namna ambayo hajapata kunisikiliza. "Kwao hakuna mtende," akasema. "Kuna zizi la ng'ombe."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba katika mchezo ule watoto watapiga magoti mbele ya mwanasesere na kumwita mwana wa Mungu, naye ndiye atakayekuwa amempakata. Sisi Nabii Isa twampenda na kumheshimu, lakini neno hilo hatulisemi, hata kwa mchezo. Kwa hiyo hataigiza. Ila chakula cha tarehe 25 tutakwenda sote. Alilia. Msomaji asinifikirie kwamba maelezo yangu yalimtosheleza. Alilia hadi akalala, na mama watoto hakunisemesha mpaka asubuhi.

Niliyemwogopa zaidi alikuwa jirani. Nilimwendea na kumweleza wazi, bila kuzungusha. Uso wake ulibadilika kidogo, nami nikaona nimemuumiza. Kisha akauliza kama kuku wa Krismasi nitamchinja mimi, maana asingependa watoto wangu watazame sahani tu. Nikasema nitachinja. Si jambo geni huku. Hata kwenye machinjio ya Dagoretti, si mbali na kwetu, wachinjaji wamekuwa Waislamu kwa miaka mingi ili nyama iuzike kwa wote. Akafika mlangoni, akageuka: "Na ule mtandio mweupe wa mtoto, waweza kuniazima? Huyu niliyempata mpya hana."

Mama watoto ndiye aliyeutoa sandukuni.

Usiku wa tarehe 24 taa ilifungwa kwenye kamba ya nguo, na yule Mkisii akazima redio yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tulitazama tukiwa kwenye kizingiti chetu. Maryamu wao alikuwa binti wa Kikamba wa miaka 7, na mtandio wa binti yangu ulimfika magotini. Katikati ya mchezo alisahau maneno, na sauti iliyomkumbusha kutoka gizani ilikuwa ya mwanangu. Alikuwa ameyahifadhi yote. Sikumgombeza. Hadi leo sijui kama nilipaswa.

Kesho yake nilichinja kuku watano. Tulikula chapati na kuku pamoja na ploti nzima, na mamangu alipopiga simu jioni, mjukuu wake alimwambia: "Bibi, Baba ndiye aliyechinja wote." Huko ng'ambo ya pili kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia, "Alipiga bismillahi?" "Alipiga." "Haya."

Idi iliyofuata, Aprili 2024, tulipika pilau sufuria mbili, na binti yangu akazungusha sahani 11, mlango kwa mlango, akiwa na nguo zake mpya. Siku hiyo hakuzivua hadi usiku. Miezi yetu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka wa 2000 Idi iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, na kwa hesabu ya mwandamo, Krismasi ya 2031 itatukuta ndani ya Ramadhani. Binti yangu atakuwa na miaka 17 wakati huo, na kama sote tungali hai, hatakuja kuniuliza mimi.

Ule mtandio ulirudishwa Ijumaa ya tarehe 29 Desemba, umefuliwa na kupigwa pasi, lakini kwenye pindo walikuwa wamesahau nyota ndogo ya karatasi ya dhahabu iliyoshikizwa kwa pini. Binti yangu aliichomoa, akaitazama, akaitia katikati ya kurasa za daftari lake la madrasa. Nilimwona. Nikaendelea kunywa chai yangu.