Kabla ya kupeleka friji porini, hesabu uniti za betri

MPISHI amekwisha kuchemsha chai kwa gesi, wageni wamekunja mahema na mizigo iko juu ya gari. Dereva anageuza ufunguo. Gari linatoa mlio mmoja mfupi, kisha linanyamaza.

Chanzo chake mara nyingi ni kimoja. Usiku kucha friji ya vinywaji, taa za kambini na simu za abiria zilikuwa zikinywa umeme kutoka betri ileile inayowasha injini. Mahali ambapo hakuna gari jingine la kubusti, siku ya safari imepotea, na mwenye gari ndiye atakayeilipia.

Hali hiyo haiwakuti wenye magari ya utalii wanaotoka Moshi kwenda kulala mbugani peke yao. Inamhusu pia muuza juisi anayezunguka na pikapu kwenye masoko ya Himo na Kwa Sadala, kinyozi aliyefungua kibanda mahali ambapo nguzo hazijafika, na mkulima wa tambarare anayelala shambani kulinda nyanya zake. Wote wanataka kutumia vyombo vya nyumbani mahali pasipo na nyaya za TANESCO.

Jambo lenyewe si geni mkoani Kilimanjaro. Kabla umeme haujasambaa vijijini, watu walikuwa wakifunga betri ya gari kwenye baiskeli, wakaipeleka mjini kuchajiwa, kisha wakairudisha nyumbani kuwashia redio na televisheni ndogo. Sheria ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na tangu hapo vijiji vingi vimepata umeme. Lakini mgao mkali wa mwaka 2006, baada ya ukame kupunguza maji ya mabwawa, uliwafundisha hata wa mjini thamani ya betri. Mgao mwingine uliosumbua hadi mapema mwaka 2024, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha, ulirudia somo hilo.

Pamoja na uzoefu wote huo, wengi bado hununua betri kwa macho. Wanaona ni kubwa na nzito, wanaamini ina umeme mwingi.

Debe lina ujazo gani?

Njia rahisi ya kuijua betri ni kuipima kwa uniti za Luku, ambazo kila mtu anazifahamu. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja.

Sasa chukua betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa, ile ambayo madukani huitwa N100. Zidisha 12 kwa 100, unapata 1,200. Yaani betri ikijaa pomoni ina uniti moja na sehemu mbili za kumi.

Lakini hata hizo hazitumiki zote. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, sahani zake za ndani huota chumvi ngumu isiyoyeyuka tena wakati wa kuchaji. Betri ya namna hiyo huzeeka kabla ya siku zake. Kwa hiyo mwenye kutaka idumu ahesabu nusu tu, yaani sehemu sita za kumi za uniti moja.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Betri inayomtoa kijana jasho kuibeba, yenye kilo kati ya 25 na 30, inampa mwenyewe umeme unaozidi kidogo nusu uniti.

Mchagga anayeujua mfongo ataelewa upesi. Betri ni kama bwawa dogo la akiba ambalo maji ya mfongo hulijaza usiku ili mchana mtu amwagilie mgomba wake. Bwawa halizalishi maji. Ukimwagilia zaidi ya yaliyoingia, kesho utakuta tope.

Nani anakula nini?

Kila chombo kina wati zake, na huwa zimeandikwa nyuma au chini yake. Zidisha wati hizo kwa saa za matumizi, kisha jumlisha vyombo vyote. Hiyo ndiyo hesabu nzima.

Tuchukue mfano wa gari la kambi. Taa tatu za LED za wati tano zikiwaka saa tano zinakula wati 75 kwa saa. Kuchaji simu nne ni kama 60. Kompyuta ndogo ya mgeni ni 75. Friji ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya magari inaweza kula 500 kwa siku ya joto, kwa kuwa mota yake huwaka na kuzima. Jumla ni 710.

Betri moja ya N100 inatoa 600 tu kwa usalama. Haitoshi hata siku moja, na mlaji mkubwa ni friji. Mwenye gari hilo anahitaji betri mbili za ziada, au betri moja na njia ya kuijaza kila siku.

Kinyozi ana nafuu. Mashine ya wati 15 ikinyoa saa sita ni 90, taa ya wati 10 kwa saa tano ni 50, na redio ya wati 10 kutwa nzima ni 100. Jumla ni 240. Betri moja inamtosha siku mbili, na ndiyo maana vibanda vya kunyolea viliweza kusimama vijijini miaka mingi kabla ya nguzo kufika.

Muuza juisi naye anaweza, akiwa na mpango. Blenda ya wati 400 inaonekana kubwa, lakini hufanya kazi dakika mbili mbili. Akisaga mara 30 kwa siku amefikisha saa moja, yaani 400. Ubaya huja pale anapotaka betri hiyohiyo igandishe barafu. Ni heri anunue barafu mjini asubuhi na kuitunza kwenye kasha zuri la kuhifadhia baridi.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa ndani, friji ndogo ya betri haina nguvu ya kupoza upesi maziwa ya moto yaliyotoka kukamuliwa. Ayatumbukize kwanza, yakiwa ndani ya chombo safi kilichofunikwa, kwenye maji baridi. Joto likipungua, kazi ya friji nayo inapungua.

Moto uachiwe gesi

Vyombo vinavyotoa joto ndivyo maadui wa betri: birika la umeme, pasi, jiko la sahani, oveni na kikaushio cha nywele. Birika la wati 2,000 likiunganishwa kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160 kwa mkupuo. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji peke yake kunamaliza karibu robo ya umeme unaotumika wa betri ya N100. Chai ya pande mbili za siku, na nusu ya akiba imekwisha.

Wapishi wa Mlima Kilimanjaro wanalijua hilo kwa vitendo. Katika njia za Marangu, Machame na Rongai, chakula cha wageni hupikwa kwa gesi, na umeme wa betri huachiwa taa, redio za mawasiliano, simu na kamera. Mpagazi haruhusiwi kubeba mzigo wa kampuni unaozidi kilo 20, kwa hiyo betri moja ya N100 ingemzidi uzito kabla hajatundika hata sufuria.

Kwenye kambi za juu, kama ile iliyo chini ya kilele cha Mawenzi, baridi ya usiku huifanya betri ionekane imekwisha ilhali bado ina umeme. Ndiyo maana waongozaji huwashauri wageni walale na betri za kamera na simu ndani ya mfuko wa kulalia.

Tahadhari moja lazima isemwe. Jiko la mkaa au la gesi halipaswi kuwaka ndani ya gari au hema lililofungwa mtu akiwa amelala. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu, nayo inaua.

Betri mbili, kazi mbili

Betri ya kuwashia gari imeundwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja na altaneta. Sahani zake ni nyembamba. Betri ya matumizi ya muda mrefu, inayouzwa pamoja na vifaa vya sola, ina sahani nene zinazovumilia kushushwa na kupandishwa kila siku. Mwenye friji garini anahitaji zote mbili, kila moja na kazi yake.

Kati ya betri hizo mbili fundi hufunga rilei. Injini ikiwaka, rilei huziunganisha ili altaneta izijaze zote. Injini ikizimwa, huzitenganisha. Friji ikimaliza betri yake usiku, ile ya kuwashia inabaki salama na gari linawaka asubuhi. Kifaa hicho kidogo kingemwokoa yule dereva wa porini.

Betri za lithiamu ambazo sasa zimeenea ni nyepesi, na huweza kutumika hadi sehemu nane za kumi bila kudhurika. Lakini zinahitaji chaja yake maalumu kati yake na altaneta, na hazipaswi kuchajiwa joto likiwa chini ya sifuri.

Kulijaza bwawa

Ukitegemea altaneta, kumbuka kwamba betri ya risasi hupokea haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Safari ya saa moja kutoka kambi hadi kambi haiijazi.

Paneli ya sola ya wati 200 ikipata jua zuri la saa tano inaweza kuingiza kama 700 kwa siku, baada ya kutoa upotevu. Hiyo inakaribia sana mahitaji ya gari letu la mfano. Lakini jua la tambarare za chini ya Moshi si jua la migombani. Wakati wa masika, na hata Julai yenye mawingu, Kibosho na Machame zinaweza kupitisha siku nzima bila jua kali. Anayeishi huko apange kwa siku mbaya, wala si kwa siku nzuri.

Inveta nayo ina ulafi wake. Inapogeuza umeme wa betri kuwa wa plagi, inapoteza kama sehemu moja ya kumi au zaidi. Ikiachwa imewashwa usiku bila kazi, bado inakula. Ni vyema kununua taa, chaja na friji za volti 12 moja kwa moja, na inveta iwashwe pale tu blenda au kompyuta inapohitajika. Friji na vyombo vingine vyenye mota huvuta mara kadhaa ya wati zake vinapoanza, kwa hiyo inveta ndogo itakataa.

Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ifungwe karibu kabisa na betri. Betri ya maji iwekwe penye hewa, mbali na moto, maana ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, siyo ya bomba wala asidi.

Hesabu ya shilingi

Tuseme betri ya risasi imenunuliwa Sh 300,000 na, ikitunzwa, inajazwa na kutumika mara 400. Kila mara inatoa sehemu sita za kumi za uniti, jumla uniti 240. Kila uniti imegharimu Sh 1,250 kabla ya kulipia kuichaji. Ya lithiamu kwa Sh 1,200,000 ikitoa uniti moja kila mara, kwa mara 2,000, ni Sh 600 kwa uniti. Bei hizo ni za mfano; weka bei ya dukani siku unayonunua na ufanye hesabu hiyohiyo.

Kwa vyovyote, umeme wa betri ni ghali kuliko wa nguzo. Kuutumia kupigia pasi ni hasara. Kuutumia kwa mashine ya kinyozi, taa ya duka inayorefusha saa za biashara, au friji inayomfanya mgeni alipe zaidi kwa siku ya kambi, hiyo ni biashara.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mfanyabiashara achukue karatasi. Aandike kila chombo, wati zake na saa zake, ajumlishe, kisha azidishe mara mbili kwa betri ya risasi. Akiona jumla ni kubwa mno, afute kwanza vyombo vya joto kabla ya kuongeza betri. Na kama friji itakuwa garini, amwambie fundi aanze na rilei.