Kinsevere: piga picha leo, kabla kilima hakijawa shimo

Kinsevere iko karibu kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga. Hapa kampuni ya MMG inachimba shaba katika mashimo ya wazi, baada ya kuununua mgodi huo mwaka 2012. Mashine zinapofanya kazi, ardhi haibaki ilivyokuwa. Kilima kinakuwa shimo na njia ya zamani inafungwa. Nani anahifadhi sura ya mahali hapa kabla haijapotea?

Pengine ni wewe, kwa simu au aparei ndogo uliyo nayo.

Katanga tayari ina mfano mkubwa. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za majengo ya Gécamines yaliyochakaa. Kisha, kwa kompyuta, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni, zisizo na rangi, akazipandikiza juu ya magofu hayo. Mfululizo huo, uitwao «Mémoire», ulijulikana mwaka 2006. Mwaka uliofuata alipata tuzo mbili katika maonyesho ya picha ya Bamako, Mali. Mwaka 2008, yeye na wenzake walianzisha Picha, kituo cha sanaa ambacho ndicho kilichozaa Biennale ya Lubumbashi.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Wale wafanyakazi wa zamani hawakuchagua namna ya kuonyeshwa. Aliyekuwa na aparei ndiye aliyeamua wasimame wapi, na majina ya wengi hayakuandikwa. Leo aparei iko mkononi mwa wajukuu wao.

Namna ya kuanza

Si lazima ununue kamera ya bei kali. Mwanga ndio muhimu zaidi. Mara tu baada ya jua kuchomoza, na muda mfupi kabla halijatua, mwanga huwa laini, na vivuli vinaonyesha umbo la udongo na la sura ya mtu. Saa sita mchana, anga inang'aa sana na uso wa mtu mweusi unatoka giza tupu. Ikibidi kupiga wakati huo, mpeleke mtu kivulini, kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo.

Usivute picha kwa vidole. Simu nyingi hukata tu sehemu ya picha na kuikuza, na ubora unapungua. Tembea, umkaribie mtu.

Wakati wa kiangazi, vumbi ni adui. Lipulize kwanza, ndipo upanguse lensi kwa kitambaa laini. Ukianza kusugua, mchanga utaikwaruza. Mwenye kamera ya kubadilisha lensi asiibadilishe kando ya barabara ya malori.

Chagua sehemu moja: mti, kisima, mlango wa shule. Rudi hapo kila mwaka, mwezi uleule, usimame palepale. Picha moja ni ya kawaida, lakini picha kumi za miaka kumi ni ushahidi.

Ruhusa na hifadhi

Omba ruhusa kwa mtu kabla ya kumpiga. Usipige mitambo ya mgodi, walinzi wala askari bila kibali, maana unaweza kunyang'anywa aparei au kukamatwa. Maisha ya kijiji yenyewe yana mengi ya kuonyesha.

Mwishoni, andika jina, tarehe na mahali. Weka nakala sehemu mbili, kwa sababu simu ikiibwa, kila kitu kinakwenda nayo. WhatsApp kwa kawaida hupunguza ubora wa picha. Itume kama dokima. Zile nzuri zaidi zichapishe kwenye karatasi, umpe mzee mmoja nyumbani azitunze. Siku mjukuu atakapouliza kijiji kilikuwa wapi, atakuwa na kitu cha kumwonyesha.