Nyumba Inayomfaa Kila Mtu: Mambo ya Kuamua Kabla ya Kujenga

Nyumba nyingi hujengwa kwa kumfikiria mtu mwenye miguu yenye nguvu na macho yanayoona vyema. Hata hivyo, nyumba hudumu kuliko nguvu za aliyeijenga. Uzee, ajali, kiharusi au ujauzito huweza kumfanya mwenye nyumba ashindwe kupanda ngazi alizozijenga mwenyewe. Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kuyafikia majengo ya umma bila vikwazo. Kuhusu nyumba binafsi, uamuzi mkubwa humwangukia anayejenga, na wakati mwafaka wa kuamua ni pale ramani inapochorwa.

Njia ya kuingilia

Msingi ulioinuliwa hukinga maji ya mvua, hivyo usishushwe ovyo. Badala yake, pamoja na ngazi, iwepo njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ihitaji sentimita 12 za urefu. Baraza iliyo juu kwa sentimita 45, yaani ngazi tatu za sentimita 15, itahitaji mteremko wa mita 5.4. Mteremko mfupi zaidi ya hapo humchosha anayesukuma kiti cha magurudumu na huweza kumwangusha anayeshuka. Uso wake uwe wa kukwaruza, pembeni pawe na vyuma vya kushikia, na mbele ya mlango pawe na sehemu tambarare ya kusimama.

Milango

Kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa takribani sentimita 65, na mikono ya anayekiendesha huhitaji nafasi zaidi. Uwazi wa mlango usipungue sentimita 80. 90 ni bora. Pima uwazi mlango ukiwa umefunguliwa, si fremu peke yake. Kosa la kawaida ni kuubana mlango wa choo kuliko milango mingine. Matokeo yake, mgonjwa hufika sebuleni kwa kiti chake, lakini hulazimika kubebwa mikononi kila anapokwenda haja. Sentimita chache zilizopunguzwa hapo humwondolea mtu faragha na heshima yake nyumbani kwake.

Choo na bafu

Acha nafasi ya duara lenye kipenyo cha sentimita 150 ili kiti kiweze kugeuka. Choo cha kuchuchumaa ni kigumu kwa mwenye maumivu ya magoti; angalau choo kimoja kiwe cha kukaa, chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48. Ukuta wa kando yake uwe imara kiasi cha kubeba chuma cha kushikia, hata kama chuma hicho kitafungwa baadaye. Sakafu isiteleze, na maji yaongozwe na mwinamo kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, si kuzuiwa kwa kizingiti kirefu.

Mwanga na swichi

Swichi ziwekwe kwenye kimo cha sentimita 90 hadi 110, mahali zinapofikiwa na mtu aliyeketi. Kwa mwenye uoni hafifu, kingo za ngazi zipakwe rangi inayotofautiana na sakafu.

Makubaliano na fundi

Fundi hujenga alichoonyeshwa kwenye ramani, na asipoonyeshwa hujenga alichozoea. Kuongeza upana wa mlango kwenye ramani ni kazi ya kalamu. Kuuongeza baada ya lenta kumwagwa ni kubomoa ukuta, kununua fremu nyingine na kupiga lipu upya. Kwa hiyo:

1. Vipimo vyote viandikwe kwenye ramani na kwenye mkataba.
2. Kagua upana wa milango kwa futikamba kabla ya lenta kumwagwa.
3. Kagua mteremko na sakafu ya bafu kabla ya kulipa malipo ya mwisho.
4. Mpangaji apime mlango wa choo kabla ya kulipa kodi, na marekebisho yoyote aliyoahidiwa na mwenye nyumba yaandikwe.

Njia ya mteremko humsaidia pia mama mwenye mtoto mgongoni na kijana anayeingiza ndoo za maji. Nyumba iliyopimwa kwa ajili ya aliye dhaifu huwafaa wote waishio ndani yake.