Donge la Damu Lililojificha Moyoni

Mtu alale mzima, aamke hana kauli, mkono na mguu wa upande mmoja vikiwa kama si vyake, na jirani waseme ametupiwa kitu. Ndugu wa Kashaulili, hicho ni kiharusi, na mara nyingine chanzo chake hakimo kichwani bali moyoni.

Moyo udundao bila mpangilio hausukumi damu sawasawa. Damu hutuama katika kifuko kidogo cha chumba cha juu, upande wa kushoto, na ikituama huganda. Siku moja donge hung'oka, huchukuliwa na mkondo hadi ubongoni, na kuziba njia. Iwapo donge jingine limebaki moyoni, pigo la pili lamngoja mgonjwa yule yule.

Daktari atalionaje? Njia iliyozoeleka ni kupitisha kooni mpira wenye chombo cha mawimbi ya sauti, nalo ni jambo zito kwa mtu ambaye hata kumeza mate ni taabu. Kwa hiyo watafiti wa Boston, Marekani, walijaribu dawa yenye shaba ya mionzi, nao walitangaza matokeo mwaka 2022. Dawa huchomwa mshipani, hunata katika nyuzi za damu iliyoganda, na kamera huonyesha mionzi itokako.

Lakini nusu ya mionzi hiyo hutoweka kwa muda wa saa 12 na dakika 40 hivi. Treni itokayo Dar es Salaam hadi Mpanda, kupitia Tabora na Kaliua, huchukua muda mrefu kuliko huo. Dawa kama hiyo haiwekwi kabatini kumngojea mgonjwa. Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zina huduma za tiba ya nyuklia, lakini kutafuta donge la moyoni kwa shaba hiyo bado ni kazi ya utafiti.

Je, tukae tukingoje? La, hasha! Vidole viwili vya mganga juu ya kifundo cha mkono vyaweza kutambua mapigo yaliyovurugika, na kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha. Daktari akiisha kuhakikisha kwamba ubongo hauvuji damu, aweza kutoa dawa ya kuzuia damu isigande.

Basi mwenzetu akipinda uso au akipotewa na kauli, tusimzungushe kwa waaguzi. Afikishwe hospitali saa ile ile, na moyo wake upimwe pia.